Mti wa Kona ya Musa na Maisha ya Dada Yetu Eunice Mbeyu

Bwana asifiwe, na kwenu ndugu zetu Waislamu mliotoka Bodo, Ukunda na Msambweni kuja kutushika mkono, asalaam aleikum. Mimi ni Shutu Tsuma, niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamshusha. Jana wazee wawili wa ukoo waliniita kando ya boma wakaniomba nisiutaje mti wa Kona ya Musa mbele ya jeneza, wakisema yapo maneno ambayo ukiyatamka msibani unayafungulia mlango, nami nikawaheshimu, lakini shemeji yangu Duncan, mume wa marehemu, aliposikia alisema, "Shutu, utaje. Kila aliyekuja hapa amekuja na mti huo kichwani." Basi nitautaja pahali pake pakifika, na ninawaomba radhi wazee wangu.

Eunice Mbeyu Tsuma alizaliwa tarehe 21 Agosti 1981 kijijini Ndavaya, Kinango, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu, Mzee Tsuma Fondo, mfugaji, na mama yetu Umazi, aliyeketi hapa mbele, ambaye alitarajia kuzikwa na mwanawe na sasa anamzika yeye. Alilelewa katika nchi kavu, ya kuchunga mbuzi na kusubiri mvua, na tangu utotoni alikuwa mwoga, jambo ninalolisema wazi kwa sababu mwenyewe hakulionea aibu, akichunga alirusha jiwe kichakani kabla ya kupita, akiteka maji lamboni alisimama mbali akachungulia kwanza, nasi ndugu zake wa kiume tulimcheka, mama akatukanya akisema, "Mwacheni mwanangu, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Leo kilio kimekuja kwa mwoga wetu, na mama ameniuliza tena na tena wiki hii ni nani aliyeigeuza methali.

Alisoma shule ya msingi hapo Ndavaya kuanzia mwaka 1988, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana huko Matuga kuanzia 1996 hadi 1999, na baada ya kukaa nyumbani kwa muda akisaidia kitalu cha miche cha kina mama wa kanisa, alikwenda Londiani, bara, kusomea misitu, akahitimu stashahada mwaka 2003. Aliporudi alitueleza kwamba kule baridi aliizoea, ila hakuizoea sauti ya miti mirefu ikisuguana kwa upepo, na kwamba alipomweleza mwalimu wake hofu hiyo, mwalimu alicheka akamwambia, "Anayeiogopa miti ndiye wa kuachiwa miti."

Mwaka 2004 alianza kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani, akitunza minazi na mivinje, na hapo ndipo alipokutana na Duncan Karisa, mpishi, ambaye mpaka leo anasimulia jinsi alivyomwona msichana aliyeitiwa chai akakataa kupita chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa, akalizunguka jengo zima, chai ikapoa, naye akamtengenezea nyingine. Walifunga ndoa kanisani Ukunda, Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2006, wakajaliwa watoto watatu, Judy, aliyezaliwa mwaka 2008, Jethro, 2011, na Gillian, 2017, wakajenga hapa Mwabungo, na marehemu mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa nyumba, peupe, mbali na mti wowote mrefu, ndiyo maana leo turubai zimefungwa juani na mnatokwa na jasho, mtuwie radhi.

Mwaka 2014 aliajiriwa kusimamia miti ya barabarani ya mji wetu, kuanzia Ukunda hadi ufuoni Diani, kazi yake ikiwa kukagua, kupogoa, kuondoa ule uliokuwa hatari na kupanda mwingine badala yake, na kwa muda aliifanya kwa furaha. Kisha, Alhamisi, tarehe 12 Mei 2016, mchana mweupe, pasipo upepo wowote, mwarobaini mmoja ulianguka juu ya meza ya Mama Akinyi, muuza samaki wa kukaanga, ambaye wengi wenu mnamjua na ambaye yuko nasi hapa, ukamvunja mguu mahali pawili. Mti huo dada yetu alikuwa ameukagua majuma machache nyuma, akaona majani mabichi, maua na ndege, akaupitisha. Hakuna aliyemlaumu, Mama Akinyi mwenyewe hakumlaumu, lakini Eunice alipofika pale akaushika mti ulipokatika, ukamomonyoka mkononi kama mkate mkavu, akarudi nyumbani akamwambia Duncan, "Majani yanadanganya," na hakula siku ile wala siku iliyofuata.

Baada ya hapo aliishi na hofu kama mtu aishivyo na mgonjwa nyumbani, upepo wa kusi ukianza kuvuma aliweka kijiko chini, watoto wake aliwafundisha kutembea katikati ya njia, mvua ikinyesha na simu yake ikilia alimpa mumewe aipokee, kwa kuwa hakutaka kuwa wa kwanza kusikia ni nani aliyeangukiwa. Na mwaka 2021 hofu hiyo ikapata jina, kwa sababu wadudu walifika, weusi, wadogo kuliko punje ya mtama, ambao watu wa Ukunda waliwaita keekee, kwa kuwa hutoboa gome tundu la duara kabisa, kama lililopigwa na keekee ya seremala. Keekee huingia na kuvu, kuvu hula moyo wa mti, na mti kwa nje huendelea kuchanua, mpaka siku unapolala chini. Dada yetu alizunguka mji mzima akigonga mashina kwa nyundo ya mbao na kuweka sikio kwenye gome, waendesha bodaboda wakamwita daktari wa miti kwa mzaha, na kila mti aliouona umeliwa aliutia alama ya rangi nyekundu, akaomba ukatwe na kuchomwa, akapanda mingine mahali pake, mkwaju hapa, mbambakofi pale, mtondoo kule, asikubali mstari mmoja uwe wa aina moja, maana alisema mdudu akija tena asikute karamu imeandaliwa.

Sasa nafika Kona ya Musa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 aliyaona matundu kwenye mwarobaini mkubwa wa karibu na steji, mti uliowapa kivuli wauza nyanya, wauza mitumba, mafundi wa simu na wasafiri wote wa kwenda Msambweni, mti mkubwa kuliko yote ya barabara ile, nao ukawa umejaa majani. Alipoutia alama, kesho yake alama ilipakwa matope. Akaitisha mkutano wa wafanyabiashara hapo hapo chini ya mti, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi alivyokataa kuketi, akasimama upande wa barabara huku akitazama juu kila mara. Mzee mmoja muuza dawa za asili alimwambia kwa upole, "Mwanangu, mwarobaini unatibu maradhi arubaini, leo wewe watwambia waumwa?" na watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha, kwa kuwa kila mtu wa pwani hii anajua kwamba mti wa zamani ukikatwa, mara nyingi kesho yake huja mabati, keshokutwa ukuta, na mtondogoo mwenye hati usiyemjua.

Aliyemtia hofu kuliko wote siku hiyo alikuwa Mama Akinyi, ambaye tangu apone alihamishia meza yake chini ya mwarobaini huo, na aliposimama kwa fimbo yake watu walidhani atamuunga mkono dada yetu. Alisema, na ameniruhusu niyarudie maneno yake, "Madam, mimi mti iliniangukia, kwa hivyo hakuna mtu hapa anajua kuliko mimi. Mti ikianguka inavunja mguu. Wakitutoa hapa, ni watoto wote wanalala njaa. Heri mguu." Eunice akasema, "Mama Akinyi, mimi naogopa kuliko ninyi nyote. Nauogopa mti huu, nawaogopa ninyi, na naogopa nikikaa kimya. Niambieni nifanye nini ili na ninyi msiogope." Wakamwambia. Walitaka kibanda cha makuti kijengwe kwanza, miche ipandwe kwanza, na wakubwa wake waje waape mbele ya watu kwamba pahali pale hapatauzwa, na dada yetu alihangaika ofisi hadi ofisi kwa miezi mitatu, mpaka yote matatu yakatimizwa.

Ndipo, siku chache kabla ya kukata, kikakutwa kitambaa cheusi kimefungwa shinani pamoja na kifuu cha nazi kilichopakwa masizi, na neno likaenea sokoni kwamba atakayeutia msumeno hatamaliza salama. Mpaka leo hatujui ni nani aliyekifunga. Vibarua walikaa mbali, fundi msumeno Alfani, mtu wa Bodo, mchamungu, ambaye katika maisha yake ameangusha miti mingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake, alizima mashine akaiweka chini, na mchungaji wetu na imamu wa msikiti wa jirani wakaja pamoja wakaomba dua, wakaondoka, na kitambaa kikabaki palepale. Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, siku ambayo barabara huwa nyepesi, dada yetu hakwenda ibadani, jambo ambalo nalo lilisemwa. Alikwenda mtini akakifungua kitambaa kwa vidole vyake, na Alfani anasema fundo lilimshinda mara kadhaa, kisha akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Alfani akamwambia, "Bi Eunice, nitakata. Lakini shika wewe kwanza, kama kuna neno lianze kwako, mimi nina watoto wadogo." Akashika, Alfani akiwa nyuma yake amemshikia mikono, akatia jeraha la kwanza kwenye gome.

Mti haukungoja kamba ikazwe. Ulitoa sauti ambayo Duncan, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na watoto, anasema hajapata kuisikia tena, ukapasuka katikati wenyewe, nusu ikalala barabarani na nusu juu ya meza tupu za wauza nyanya, na ndani yake ulikuwa mweusi na majimaji, tundu ambamo mtu mzima angeweza kuketi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo. Lakini msidhani watu walishangilia. Walisimama wakitazama lile tundu, kisha mmoja mmoja wakaanza kumtazama Eunice, kama mtu anavyotazamwa aliyetoka kumgusa maiti wa maradhi ya kuambukiza, na Mama Akinyi, baada ya kukaa chini kwenye ukingo wa barabara, aliuliza swali moja tu, "Na ile ingine?"

Dada yetu aliugua mwaka huo huo. Desemba 2024 alishikwa na homa na maumivu ya bega, akapelekwa hospitali ya Msambweni, kisha Mombasa, na tarehe 19 Desemba tukaambiwa ni saratani ya titi, imeshatembea. Nanyi mnajua yaliyosemwa. Yalisemwa sokoni, yalisemwa kanisani, na tusijifanye watakatifu, yalisemwa nyumbani kwetu Ndavaya, ambako mjomba mmoja alitaka kumpeleka kwa mganga afunguliwe, na mimi mwenyewe kuna siku nilikaa nikasikiliza, kwa sababu hofu ni kitu cha kuambukizana kuliko homa.

Hapa Duncan na binti yao Judy wamenipa ruhusa niseme kitu ambacho marehemu alikificha, na wamesema nikiseme polepole. Daktari alipomuuliza uvimbe ule aliuona lini, Eunice alitazama dirishani akasema, "Januari, daktari." Januari ile ya 2024, kabla ya mkutano, kabla ya kitambaa, kabla ya msumeno. Duncan anasema alitoka nje akashika ukuta. Aliporudi alimuuliza, "Mama Judy, mbona hukuniambia?" naye akajibu, "Niliogopa. Nilijua nikienda wataniambia." Mwaka mzima alipita akiweka sikio kwenye miti ya watu, na jioni alioga gizani ili asijione. Na alipoulizwa kama kitambaa kile hakikumtisha, alimwambia mumewe kwamba kilimtisha sana, ila siku ile alikuwa ameshabeba kitu alichokiogopa zaidi. Kwa hiyo, wapendwa waombolezaji, mti haukumuua dada yangu. Kilichomuua ni ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa ukiwahiwa, na hofu iliyomzuia kwenda, na ninawaambia wanawake walioketi hapa, na wanaume wenye wake na dada, nendeni mkapimwe mkiwa mnatetemeka hivyo hivyo.

Alifanyiwa upasuaji Februari 2025, akapata matibabu ya kemo huko Mombasa, nywele zikatoka, zikarudi, na kuanzia Agosti alirejea kazini kidogo kidogo, akipanda miche akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, huku Jethro akimshikia mwavuli. Desemba ugonjwa ulionekana mapafuni. Alilazwa Msambweni mwishoni mwa Februari mwaka huu, na siku zake za mwisho alikuwa akiuliza habari ya miti mitatu iliyobaki na alama nyekundu, mmoja wao ukiwa umeinamia ua la shule ya chekechea, miti ambayo tangu alipougua hakuna fundi aliyekubali kuigusa, wala mkubwa aliyemlazimisha fundi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Machi 2026, alimuuliza tena Duncan, "Wamekata?" Duncan hakumdanganya, akasema, "Bado." Akasema, "Masika yanakuja," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arubaini na minne. Ameacha mume, watoto watatu, mama, ndugu na dada, na miti michanga katika kila barabara ya mji huu.

Ndugu zangu, nimewaeleza ukweli kuhusu tarehe, na najua ukweli hauondoi hofu mara moja, hata yangu haijaondoka. Jana nilipita pale shule ya chekechea, nikaona watoto wanacheza chini ya ule mti, ukiwa umechanua, nikajikuta nimeshuka kwenye pikipiki na kuvuka upande wa pili. Nilitaka kumwita mwalimu, nikaona nitaonekana mwendawazimu, kisha nikamwita hivyo hivyo, naye amewahamishia watoto upande wa nyuma. Na leo asubuhi, kabla ya mwili kutolewa nyumbani, Alfani alitujia mimi na Duncan akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akatupa mkono wa tanzia, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, "Keshokutwa, Jumatatu, naukata ule wa watoto. Usiku silali, mke wangu amenikataza, lakini naukata. Ninachowaomba, msiniache peke yangu pale."

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni na wa Mombasa, waliomhudumia bila kumgombeza kwa kuchelewa kwake, majirani wa hapa Mwabungo, Waislamu na Wakristo, waliopika na kuchota maji tangu siku ya msiba, wapishi wenzake Duncan, wafanyakazi wenzake marehemu, mchungaji na imamu, na Mama Akinyi, aliyekuja hospitalini kila Jumapili kwa fimbo yake akileta samaki ambao dada yetu hakuweza kula, akawala yeye mwenyewe kitandani pale ili mgonjwa asikie harufu ya nyumbani.

Dada Eunice, sisi uliotuacha tungali tunaogopa, wakubwa kwa wadogo, na Jumatatu asubuhi tutakuwa pale barabarani pamoja na Alfani. Pumzika kwa amani.